Waranti ya nyongeza na matengenezo ya kulipia mapema: Nani hasa hunufaika?

UNUNUZI wa gari jijini Dar es Salaam huanzia yadi lakini humalizikia mezani. Mnunuzi akishalizunguka gari, akalisikiliza linavyonguruma na kuafikiana bei, hukaribishwa ofisini kutia saini, na hapo ndipo karatasi moja zaidi huweza kuwekwa mbele yake.

Karatasi hiyo huwa ya aina mbili. Ya kwanza ni mkataba wa kulipia mapema matengenezo ya kawaida ya miaka miwili au mitatu ijayo. Ya pili ni waranti ya nyongeza, yaani dhamana inayoanza pale ya kiwandani inapokoma, au inayotolewa kwa gari lililotumika ambalo dhamana yake ya awali ilikwisha zamani likiwa bado Japan.

Muuzaji huweza kuzitaja zote mbili kwa pumzi moja, na mnunuzi aliyekwishachoka kuhesabu ushuru, usajili na bima huona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Anayezichanganya huweza kulipa fedha nyingi na bado asiwe na kinga dhidi ya lile hasa lililokuwa likimtisha.

Matengenezo ya kawaida ni gharama inayojulikana. Oili lazima imwagwe, filta zibadilishwe, plagi na breki zikaguliwe. Kuyalipia mapema si kujikinga na bahati mbaya, bali ni kununua kwa jumla badala ya rejareja, na maswali yake ni ya sokoni: je, bei ya jumla ni nafuu kweli, na je, mnunuzi atavitumia vyote alivyovilipia?

Swali la pili ndilo linalowaponyoka wengi. Tuchukue mfano wa mkataba wa miaka mitatu au kilomita 60,000, wenye huduma sita, moja kila kilomita 10,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Mkazi wa Tabata anayekwenda kazini Posta na kurudi, na mwisho wa wiki gari likapumzika, huenda akatembea kilomita 8,000 tu kwa mwaka. Katika miaka mitatu atakuwa amepata huduma tatu. Nyingine tatu amezilipia, na mkataba umekwisha.

Kinyume chake, mtu anayesafiri kila wiki kati ya Dar es Salaam na Dodoma atazimaliza zote sita kabla ya mwaka wa pili kwisha. Kwake, mkataba uliofunga bei huweza kuwa na faida, hasa vipuri vinapopanda kwa sababu shilingi imeshuka thamani dhidi ya dola. Lakini naye aulize jambo moja dogo: gari likifika kilomita za huduma akiwa Songea au Kigoma, ni gereji ipi huko itakayoiheshimu karatasi yake?

Afrika Kusini ndiyo nchi ya bara hili ambako mikataba ya namna hii imeota mizizi zaidi. Huko kuna mpango wa huduma, unaogharimia yale ya ratiba kama oili na filta, na kuna mpango wa matengenezo, unaoongeza vitu vinavyolika kwa matumizi kama pedi za breki na klachi. Kwa miaka mingi gharama hiyo ilikuwa ikijumuishwa katika bei ya gari jipya, mnunuzi apende asipende. Miongozo ya Tume ya Ushindani ya nchi hiyo iliyoanza kutumika Julai 1, 2021 iliwataka wauzaji waionyeshe kando na bei ya gari na kumwachia mnunuzi uamuzi wa kuichukua au kuiacha.

Waranti ya nyongeza ni jambo jingine kabisa, na ndiyo inayobeba fedha nyingi zaidi. Hapa mnunuzi halipii kitu kitakachotokea, analipia kitu kinachoweza kutokea: injini kunoki, giaboksi kugoma, kompyuta ya gari kufa. Kwa lugha nyepesi ni kamari, na upande wa pili wa meza amekaa mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, watu 100 wamelipa Sh1,800,000 kila mmoja kwa waranti ya miaka miwili. Zimekusanywa Sh180 milioni. Humo lazima itoke kamisheni ya muuzaji, kodi, mishahara, pango na faida. Kama vyote hivyo vitachukua Sh80 milioni, zilizobaki za kutengenezea magari ni Sh100 milioni, yaani Sh1,000,000 kwa kila mteja. Wachache watapata zaidi ya walichotoa, wengi watapata pungufu, na baadhi hawatapata kitu.

Marekani, ambako biashara hii ni ya muda mrefu, jarida la wateja la Consumer Reports liliripoti mwaka 2014 matokeo ya uchunguzi uliohusisha maelfu ya wenye magari. Asilimia 55 ya waliokuwa wamenunua waranti ya nyongeza hawakuwahi kuitumia hata mara moja kwa ukarabati, ilhali bei ya kati waliyolipa ilizidi kidogo dola 1,200. Hata walioitumia, kwa wastani, walikuwa wamelipa mamia ya dola zaidi ya walichookoa.

Hata hivyo, hoja ya wastani haitoshi kumaliza mjadala. Watu hukata bima ya nyumba wakijua wazi kwamba pengine haitaungua. Mwenye akiba hana sababu ya kumlipa mwingine ili amtunzie hofu yake. Asiye na akiba, ambaye giaboksi moja ikifa maisha yake yanasimama, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kulipa hata zaidi ya thamani.

Mtu wa namna hiyo hapa mjini si vigumu kumpata. Ni dereva aliyekopa kununua gari dogo la kufanyia teksi ya mtandao, anayetakiwa kupeleka rejesho kila wiki. Gari likilala gereji siku kumi, rejesho halilali. Huyu ndiye hasa anayehitaji kinga, na kwa kejeli ya mambo huyu ndiye anayetengwa kwanza, kwani mikataba mingi ya waranti husema wazi kwamba gari linalotumika kwa biashara ya kubeba abiria halimo.

Kifungu hicho mara nyingi hakiko ukurasa wa mbele. Kipo nyuma, kwa herufi ndogo, pamoja na vingine vinavyostahili kusomwa kabla ya bei. Kimoja huondoa uchakavu wa kawaida. Kingine huondoa ubovu uliokuwapo kabla ya mkataba. Kipo kinachoondoa madhara ya gari kuchemsha, na kipo kinachoondoa madhara ya mafuta machafu.

Kwa gari lililotembea miaka kumi Japan kabla ya kushuka bandarini Dar es Salaam, vifungu hivyo vinne huweza kumeza sehemu kubwa ya ahadi. Injini ya gari la umri huo ikifa, ni rahisi kusema imechakaa. Ikifa mwezi wa pili, ni rahisi kusema ubovu ulikuwapo. Rejeta ikivuja na dereva akaendelea hadi gari likachemsha, atakayeulizwa ni dereva, si rejeta.

Lipo pia sharti la kumbukumbu. Kampuni huweza kukataa dai ikiwa mwenye gari hawezi kuthibitisha kwamba alimwaga oili kwa wakati. Fundi wa chini ya mwembe anaweza kuwa hodari kuliko wa gereji yenye kiyoyozi, lakini hatoi risiti ya kielektroniki, na katika mzozo wa namna hii risiti ndiyo shahidi. Nchini Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kufuta waranti yake eti kwa sababu tu mteja alifanyia huduma gereji nyingine. Hapa nchini asitegemee sheria ya wengine. Asome mkataba wake.

Dhana nyingine inayowagharimu wengi ni kudhani kwamba bima kubwa inatosha. Bima kubwa hulipa ajali, wizi na moto. Kwa kawaida hailipi gari lililokufa lenyewe barabarani kwa ubovu wa mitambo, na hilo limeandikwa katika hati ambayo watu wengi huitupa kwenye droo bila kuisoma.

Baada ya yaliyomo, lifuatalo ni nani anayeahidi. Waranti inayotolewa na mtengenezaji kupitia wakala wake rasmi ina mlango wa kubisha. Ile inayotolewa na yadi yenyewe, au na kampuni ya tatu isiyojulikana ofisi yake iko wapi, ina uzito sawa na umri wa yadi hiyo. Kampuni ya US Fidelis ya Missouri, Marekani, iliyokuwa maarufu kwa kuuza mikataba hii, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2010. Mwaka 2024 kampuni ya CarShield ya nchi hiyohiyo ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja kuhusu matengenezo yanayogharimiwa.

Kwa Tanzania, mtu anayeahidi kulipa hasara isiyojulikana kwa kupokea malipo ya awali anakaribia sana kufanya biashara ya bima, ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Ni halali kabisa mnunuzi kuuliza kama ahadi hiyo imebebwa na kampuni ya bima yenye leseni, na ipi. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Wengine huambiwa wasihofu bei, itaongezwa kwenye mkopo wa gari. Hapo waranti huanza kuzaa riba. Zile Sh1,800,000, zikikopwa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka na kulipwa kwa miezi 36, hufikia takriban Sh2,340,000. Na katika mfano huu waranti ni ya miaka miwili. Mwaka wa tatu mteja analipia kinga iliyokwisha.

Fedha hizohizo, zikigawanywa kwa miezi 24, ni Sh75,000 kwa mwezi. Zikiwekwa katika akaunti isiyoguswa, gari lisipoharibika zinabaki za mwenyewe, na likiharibika hakuna wa kumwandikia barua. Udhaifu wa njia hii unajulikana: akaunti isiyoguswa huguswa, ada za shule zikifika Januari. Tena giaboksi ikifa mwezi wa tatu, akiba ni Sh225,000 tu.

Kwa hiyo, kwa gari lililotumika, fedha ya kwanza itumike kabla ya kununua. Fundi asiyelipwa na muuzaji apime nguvu ya injini, asome kumbukumbu za hitilafu kwa mashine na aangalie rangi ya oili ya giaboksi. Karatasi ya mnada wa Japan, inayoonyesha daraja la gari, kilomita na kama liliwahi kugongwa, ilinganishwe na namba ya chesisi na odometa. Ubovu unaoonekana hapo hupunguza bei au humwondoa mnunuzi, na vyote viwili ni nafuu kuliko waranti.

Zipo hali ambazo waranti ya nyongeza inastahili kufikiriwa: gari jipya lenye betri ya mseto au mitambo ambayo mafundi wachache wanaiweza, ahadi inayotoka kwa mtengenezaji, na karatasi inayoweza kuhamishiwa mnunuzi mwingine gari likiuzwa. Bei yake pia hujadilika, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijaribu. Na kwa kuwa waranti ya kiwandani huwa bado hai kwa gari jipya, mara nyingi hakuna haraka ya kusaini siku hiyohiyo. Mkataba unaweza kuchukuliwa nyumbani na kusomwa kwa utulivu.

Aliyekwisha kusaini aangalie kwanza kifungu cha kuvunja mkataba, maana baadhi hutoa muda wa kurejesha karatasi na kudai fedha zote au sehemu yake. Aliyeahidiwa jambo kwa maneno ambalo halimo kwenye maandishi anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), kwani Sheria ya Ushindani wa mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Atatakiwa kwenda na mkataba, risiti na, kama upo, ujumbe wa simu aliotumiwa na muuzaji.