Anasa za Ugenini: Lushoto Inavyopima Mfuko wa Mgeni

Mtu anayehamia nchi ya watu hupiga hesabu ya kodi ya nyumba, nauli na ada ya kibali, kisha hujiambia kwamba starehe zitasubiri mpaka arudi kwao. Baada ya miezi michache subira humwishia, na fedha zilizokusudiwa kuwa akiba huishia kwenye vyakula vya makopo vya nyumbani, safari za kupumzika mjini na vitu vinavyoagizwa kwa bei ya kuruka. Lushoto, mji mdogo ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari katika Usambara ya Magharibi, ni mahali pazuri pa kulichunguza kosa hilo, kwa kuwa wageni wameishi huko kwa zaidi ya karne moja na namna walivyotafuta raha imeacha alama hadi leo. Hoja yangu ni kwamba anasa na akiba huweza kukaa nyumba moja, ilimradi mgeni achague anasa ambazo mahali alipo pamejaliwa kwa wingi. Ila kuna sharti: wingi huo usichanganywe na unafuu unaopatikana kwa kumbana mwenyeji.

Tuanze na Wajerumani, walioupa mji huo jina la Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Walipanda milimani kukimbia joto na homa za pwani, na huko juu wakataka kuishi kana kwamba hawajatoka Ulaya. Gharama yake ilikuwa kubwa. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza 1893, lakini treni haikufika Mombo, chini ya mlima, mpaka 1905. Kabla ya hapo mizigo ilitegemea mabega ya wapagazi. Katika Usambara ya Mashariki walowezi walimwaga mtaji mkubwa kwenye kahawa wakidhani kwamba msitu mnene ni dalili ya ardhi yenye rutuba. Kumbe mvua nyingi zilikuwa zimeshaosha virutubisho vya udongo ule, na mashamba yakawaangusha. Pale ambapo fedha hazikutosha, serikali yao iliwatumia wenyeji. Mwaka 1907 ulianzishwa mfumo wa kadi za kazi ambao ulimlazimisha mwanamume wa Usambara kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa na wakubwa. Maisha yale ya mlowezi yalionekana ya bei nafuu kwa sababu sehemu ya bei ililipwa na mtu mwingine.

Linganisha na kile ambacho mlima wenyewe unatoa bila kushurutishwa. Cha kwanza ni hewa. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, ndiyo maana mkazi wa Dar es Salaam hulipia umeme wa kiyoyozi usiku kucha ilhali wa Lushoto anahitaji blanketi na sweta la mtumba. Cha pili ni chakula. Baridi hiyohiyo inastawisha mapeasi, plamu, mapichi, kabichi, karoti na viazi, na sehemu kubwa ya mazao hayo hushuka kwa malori kupitia Soni na Mombo kuelekea Kariakoo. Anayenunua kwenye gulio la Lushoto au Soni ameepuka nauli ya lori, faida ya dalali, ushuru wa njiani na hasara ya matunda yaliyopondeka, gharama ambazo mlaji wa mjini hulipa zote kwa pamoja. Tena kuna vyakula ambavyo mijini huhesabiwa kuwa vya wenye nacho. Katika shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, hutengenezwa jibini, jamu na mkate mweusi wa rai. Na huko Sakharani, karibu na Soni, watawa Wabenediktini wanajulikana kwa makadamia na mvinyo. Kutembea kwa miguu hadi kwenye jabali la Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare za mkonge za Mazinde zikaonekana chini, ni starehe ambayo watalii husafiri maelfu ya kilomita kuifuata. Mkazi huifikia kwa nguvu za miguu yake.

Kitu kimoja kinaweza kuwa bidhaa ya thamani huku na mmea wa kawaida kule, na Usambara ina mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alipeleka kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya eneo hili. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia, na baadaye likawa miongoni mwa maua ya ndani yanayouzwa sana Ulaya na Marekani. Anayekaa jirani na msitu wa Amani hana sababu ya kununua chungu cha ua hilo. Bei, basi, inatueleza ni wapi kitu kinapatikana kwa wingi na ni wapi ni adimu, na mgeni mwerevu huisoma kwa jicho hilo. Tanzania vitu vya kuagizwa ni ghali, huku mazao mabichi na huduma zinazotegemea mikono ya watu zikiwa rahisi. Ujerumani mambo hugeuka: kunyolewa nywele au kula mgahawani hutafuna mfuko, lakini starehe zinazogharimiwa na umma zimejaa. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida kwa nchi nzima ilianza Mei 2023 kwa euro 49. London nako mtu huingia British Museum kutazama mkusanyiko wake wa kudumu bila kulipa kiingilio. Mtanzania wa Berlin anayesaka unga wa ugali na dagaa kila wiki, wakati tiketi yake ya treni imelala mezani Jumamosi nzima, anarudia kosa la mlowezi wa Wilhelmstal.

Wapo watakaosema kwamba starehe ni starehe, na kwamba anayetaka kuweka akiba afunge mkanda mpaka mkataba wake uishe. Wanayo hoja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hizohizo, zikitoka kila siku, hukimaliza. Hata hivyo ukali wa kupita kiasi huwa na gharama zake. Anayejinyima jibini la Irente kwa miezi mitatu huenda akaishia kutumia mwisho wa wiki mmoja katika hoteli ya Dar es Salaam, na hapo akamaliza fedha ambazo zingemnunulia jibini mwaka mzima. Kwa mtu anayeishi mbali na ndugu zake, raha ndogo zinazojirudia ndizo zinazomwezesha kuvumilia mpango wa akiba. Jambo la msingi ni mpangilio: mshahara ukiingia, akiba itengwe kwanza, kisha raha ipewe fungu lake linalojulikana. Hata hivyo, fungu dogo litatosha tu pale linaponunua vitu vya palepale. Likigeuzwa kununua vya mbali, mpango utavunjika hata kama mwenyewe ana nidhamu ya askari.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Je, gulio la Lushoto halina bei nafuu kwa sababu tu mkulima wa Kisambaa anapunjwa? Kwa kiasi fulani ndivyo. Kila mkulima wa mboga anaifahamu lumbesa, ile namna ya kujaza gunia mpaka libebe kilemba juu yake, ili mnunuzi achukue mzigo wa zaidi ya gunia kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umeipiga vita kwa miaka mingi. Hapa ndipo sharti la mwanzo linapofanya kazi. Peasi ni rahisi msimu wake ukifika kwa sababu miti imezaa kwa pamoja na tunda halihifadhiki. Mgeni anaponunua fungu kwa bei iliyotajwa hamdhulumu mtu, na mkulima anapata fedha taslimu bila dalali. Lakini mgeni anayemshusha bei mama anayetaka kuwahi gari la mwisho, au anayemlipa msaidizi wa nyumbani chini ya kima cha sheria kwa kuwa kijijini kazi hazipatikani, ameingia katika ule unafuu wa mwaka 1907, ingawa yeye hakugawa kadi. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Anayejulikana sokoni kwa kupunja hataitwa mzigo mzuri ukishushwa, wala hatapata jirani wa kumlindia nyumba akisafiri.

Sheria nayo humsaidia mgeni anayekubali kuwa mkazi. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinazuia bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangaziwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayeishi Lushoto hana haja ya kupima maisha yake kwa dola. Katika hifadhi za taifa, ikiwemo Mkomazi inayopakana na milima hii, mgeni mwenye kibali cha ukaazi hulipa kiingilio kidogo kuliko mtalii apitaye. Kinachobaki ni hamu ya kwao, ambayo hesabu haiwezi kuifuta. Inastahili nafasi, ila nafasi ndogo: kitu kimoja au viwili ambavyo mtu hawezi kuishi bila kuwa navyo, vilipiwe bei yake kamili bila kunung'unika. Vingine vyote vitafutwe kwa mwenyeji, tena kwa kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: kitu hiki ni rahisi kwa sababu kimejaa hapa, au kwa sababu kuna mtu hana namna ya kukataa bei yangu? Jibu likiwa la kwanza, mgeni ale ashibe, na akiba yake haitapungua kwa hilo. Likiwa la pili, aongeze bei, au aache kununua.