Mhubiri Azungumze wa Mwisho

Jiwe likiporomoka Kakontwe, pande za Likasi zinazojulikana kwa mawe ya chokaa, likamuua kijana kazini, matangani huulizwa maswali mawili. La kwanza: jiwe limeporomoka kwa nini? La pili: kwa nini limwangukie yeye, saa ile, na mwenzake aliyesimama hatua mbili kando asiguswe? La kwanza lina wataalamu wake. La pili huletwa kwa padri, pasta au katekista, na jibu lake laweza kumfariji mama aliyefiwa au kumtia mtoto wa jirani hatarini.

Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alichapisha kitabu kuhusu Wazande, ambao nchi yao inavuka mpaka wa Kongo na Sudan Kusini. Alieleza habari ya ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua fika kwamba nguzo zililiwa na mchwa. Walichotafuta ni sababu ya ghala kuanguka wakati uleule watu wale walipokuwa chini yake, na hapo ndipo uchawi ulipoingia. Mhubiri anayewaambia wafiwa "ni mchwa tu" hajajibu walichouliza. Anayewaambia "ni adui yenu" amejibu asichokijua.

Kazi ya falsafa inaanzia hapo. Inamfundisha mhudumu kutenganisha maswali, kujua lipi lina ushahidi na lipi halina, na kukiri wazi pale ujuzi wake unapokomea. Injili ya Yohana, sura ya 9, ina mfano wake: wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu hakukubali swali lenyewe lilivyowekwa. Nchini Kongo jambo hili lina uzito wa kisheria pia, kwa kuwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Wapo wanaohofu kwamba masomo ya namna hii hupoza imani. Historia ya Katanga inaonyesha vingine. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Alianza kama wamisionari wengi wa wakati wake: yeye ndiye mwenye kweli, wasikilizaji kazi yao ni kuipokea. Maneno yake hayakushika mizizi. Ndipo alipogeuka, akaanza kuwauliza Waluba wanaelewaje uhai, kifo, nguvu na uzazi. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1945 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa Wabantu, kuwako ni kuwa na nguvu ya uhai, nayo huongezeka au kupungua kwa kadiri mtu anavyohusiana na wenzake, wazee wake na Mungu. Askofu de Hemptinne wa Katanga alikipinga.

Miaka ya 1950 masomo hayo ya Tempels yalizaa huduma. Huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, ilianza harakati ya Jamaa, ikaenea hadi Jadotville, ndiyo Likasi. Mume na mke waliingia pamoja. Walifundishwa kwa mazungumzo, hatua kwa hatua, juu ya uzima, uzazi na mapendo, na padri aliketi nao kama mwanajamaa. Baadaye vilizuka vikundi vilivyopotoka, na maaskofu wakaibana Jamaa. Hata hivyo, wachimba shaba walikuwa wamekwisha kuonja Kanisa ambamo mawazo yao yalikuwa na thamani.

Falsafa haikuishia kumsifu Tempels. Paulin Hountondji wa Benin alimkosoa vikali: watu wengi hawawezi kuandikiwa falsafa moja kana kwamba wote wana kichwa kimoja. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941 aliyewahi kuwa mtawa Mbenediktini nchini Rwanda kabla ya kuacha utawa, alichambua katika kitabu chake cha mwaka 1988 jinsi wageni, wamisionari wakiwemo, walivyoiunda picha ya Afrika. Wahudumu wetu wana la kuchuma hapo. Mjane akinyang'anywa vyombo na nyumba kwa jina la mila, ni lazima tuulize: mila ya nani, na nani anafaidika nayo?

Falsafa hupima hoja. Elimu ya maisha ya kiroho humpima mhudumu mwenyewe. Ignatius wa Loyola, katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku kwa sala: wapi nilivutwa kwa Mungu, wapi nilisukumwa na hasira au kiburi? Mhubiri anayejichunguza hivyo atatambua kama ukali wake wa Jumapili ni bidii ya Injili au ni uchungu wa nyumbani.

Kanisa Katoliki hudai miaka 2 kamili ya falsafa kwa anayejiandaa kwa upadri. Wasalesiani huifundisha Kansebula, karibu na Lubumbashi. Wamethodisti wana shule yao ya teolojia Mulungwishi, si mbali na Likasi. Katekista wa Kakontwe mwenye familia na kazi hana nafasi hiyo, lakini shirika lake laweza kutenga jioni moja kwa mwezi. Lichukuliwe swali moja ambalo watu wanaliuliza kweli. Yatenganishwe yanayojulikana, yanayoaminiwa na yanayoogopwa tu. Mjane na kijana wasikilizwe kwanza, kisha wote wasali kimya kabla ya mhubiri kufungua kinywa. Utaratibu huu ni mgumu kwa aliyezoea kushika kipaza sauti. Tempels mwenyewe alihubiri karibu miaka kumi kabla ya kuukubali.