Kufundisha Vitenzi vya Kuingia katika Kiingereza

Miongoni mwa makosa tuyaonayo mara kwa mara katika madaftari ya wanafunzi ni sentensi hii: "She entered into the room." Mwalimu huikata kwa wino mwekundu, na juma lifuatalo kosa hurudi lile lile. Sababu yake ni kwamba tumesahihisha neno bila kugusa fikira iliyolizaa.

Kiswahili husema "aliingia chumbani". Kiambishi -ni huonyesha mahali, na mwanafunzi hukitafutia mwenzake katika Kiingereza, akakipata katika "into". Lakini kitenzi "enter", kilichotoka katika Kifaransa, chenyewe kimekwisha kubeba maana ya ndani; hivyo husemwa "She entered the room". Vitenzi "go" na "come" ndivyo vihitajivyo "into". Ama "enter into" hutumika kwa mambo yasiyo mahali, kama vile mapatano au mazungumzo.

Tatizo la pili ni vyombo vya safari. Sisi hupanda basi, hupanda teksi, hupanda na meli. Kiingereza hubagua. "Get on" hutumika kwa basi, treni, meli na ndege, ambamo abiria aweza kusimama na kutembea. Tena kwa baiskeli, ambayo huketiwa juu yake. "Get into" ni kwa teksi au mtumbwi, ambamo mtu huingia akaketi. Kushuka nako hufuata mgawanyo huo: "get off" kwa basi, "get out of" kwa teksi. Asemaye "I got on the taxi" amezungumza Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza.

Tatu, "They broke into the shop" hutudai vitenzi viwili: "walivunja duka wakaingia". Kiingereza huweka namna ya tendo katika kitenzi, na mwelekeo katika neno dogo lifuatalo.

Kwa hiyo twashauri somo lianze kwa tendo, si kwa orodha ya kukariri. Viti vinne viwe teksi. Safu mbili za madawati, zenye njia katikati, ziwe basi. Wanafunzi wapande na kushuka huku wakisema watendalo. Kisha mwalimu aandike ubaoni sentensi za lugha mbili, moja mkabala na nyingine, na kuwaachia wanafunzi waitafute tofauti wenyewe.

Mwanafunzi atambuaye kuwa kosa lake limetokana na utaratibu wa lugha yake, wala si ujinga, hataogopa kufungua kinywa.