Nani Anayefariki?

Kwenye msiba wowote utasikia tangazo: mwili wa marehemu utawasili saa nne, utaagwa nyumbani, kisha utazikwa. Sote tunaelewa. Lakini katika maneno hayo, "mwili wa marehemu", mna mali na mwenye mali. Mali inaonekana, imelazwa pale. Mwenyewe yuko wapi?

Kiswahili kina vitenzi viwili vyenye majibu mawili. Injini hufa, betri hufa, biashara hufa, ila hakuna fundi anayesema injini imefariki. Kufariki tumekupata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kutengana; anayetengana na dunia sharti awepo hata baada ya kutengana. Ndivyo Plato alivyomwandika Socrates akiwa gerezani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, akisubiri kunywa sumu: kifo ni roho kuachana na mwili. Epicurus, aliyezaliwa miaka michache baada ya Plato kufa, alishika upande wa kufa. Kwake roho ni chembe zinazotawanyika mwili unapoharibika, kwa hiyo mtu na kifo chake hawakutani kamwe.

Tusiifanye sarufi kuwa ushahidi, hata hivyo. Tunasema "bodi ya gari", na hakuna anayedhani lipo gari jingine lisiloonekana lililotoka ndani ya bodi ile.

Mkenya John Mbiti alipita njia nyingine. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, alichukua maneno yetu Sasa na Zamani akayafanya istilahi za falsafa. Aliyekufa, alieleza, bado yumo katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika Zamani. Naipenda fikra hii kwa sababu inagusa jambo ambalo Wagiriki wale wawili walilipita: nafsi ya mtu haiishii kwenye ngozi yake. Mwanamke anayeitwa Mama Asha ataendelea kuitwa Mama Asha miaka thelathini baada ya Asha kuzikwa. Kila anapoitikia, jina la marehemu limetamkwa, na mwenye kulibeba ameitika.

Lakini kuna mahali fikra hii inaponikwaza. Chumba cha maiti kimepokea mtu aliyegongwa barabarani. Hana kitambulisho, wala hakuna ndugu aliyejitokeza. Je, yeye amezama Zamani siku ile ile? Ikiwa kukumbukwa ndiko kunakombakiza mtu, basi mpweke hufa zaidi kuliko wengine, na maskini asiye na ukoo alikuwa mtu nusu tangu akiwa hai. Hilo silikubali. Kumbukumbu huhifadhi uhusiano wetu na mtu. Utu wake haukutoka kwetu, na kusahau kwetu hakuwezi kumnyang'anya.

Waislamu wanalitekeleza hili bila kuingia kwenye mjadala wa wanafalsafa. Kumwosha maiti wa Kiislamu, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi kifaya, awe anajulikana au la. Wachache wakiitimiza, imewatosheleza wote. Asipotokea hata mmoja, dhambi ni ya wote.