Vipuri vya Kompyuta ya Kwanza Unayoiunganisha Mwenyewe

Kuunganisha kompyuta nyumbani si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Bisibisi moja na jioni moja hutosha. Ugumu uko dukani. Kipuri kimoja kisichooana na vingine chaweza kuiacha akiba ya mwaka mzima mezani bila kuwaka, na wauzaji wengi hukataa kupokea kipuri ambacho kasha lake limekwisha kufunguliwa.

Mnunuzi na aanze kwa kuijua kazi yake. Michezo huitegemea zaidi kadi ya picha. Uhariri wa video nao huihitaji kadi hiyo, lakini hudai pia prosesa yenye viini vingi, RAM ya kutosha na diski yenye kasi. Anayehariri video za harusi kwa malipo na kucheza michezo wakati wa mapumziko asishawishiwe kumaliza fedha zote kwenye kadi ya picha. Gigabaiti 16 za RAM huweza kukidhi michezo mingi. Kwa video za 4K, 32 ndicho kiwango cha kuanzia. RAM hiyo inunuliwe kama vipande viwili vinavyofanana, kwa kuwa viwili hupitisha data kwa kasi kuliko kimoja chenye ujazo uleule.

Prosesa na bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi, zichaguliwe kwa pamoja. Prosesa za AMD za Ryzen 5000 hukaa kwenye soketi ya AM4 na hutumia RAM ya DDR4. Ryzen 7000 na 9000 hukaa kwenye AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022, nayo hupokea DDR5 pekee. Kwa Intel ni rahisi zaidi kukosea: bodi za soketi ya LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, huku majina yake yakikaribia kufanana. DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5 hata ikisukumwa. Ikigoma, usitumie nguvu.

Prosesa za Intel ambazo namba yake huishia na herufi F huuzwa kwa bei nafuu kidogo kwa sababu hazina sehemu ya picha ndani yake. Kwa mchezaji hilo halina madhara makubwa. Kwa mhariri, sehemu hiyo husaidia sana kufungua mafaili ya kamera, hivyo nafuu hiyo ni ya kufikiriwa mara mbili. Aidha, mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikiharibika kwa kupokea volti kupita kiasi. Marekebisho yalitolewa kupitia BIOS, lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Prosesa kama hizo zilizotumika zinunuliwe kwa tahadhari kubwa.

Kadi ya picha ndipo udanganyifu hutokea mara kwa mara. Jina pekee halitoshi: RTX 3060 ipo ya gigabaiti 12 na ipo ya gigabaiti 8, na ya pili ina kasi ndogo. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama kadi mpya zaidi. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzitambua nyingi kati ya hizo; omba kadi iwashwe mbele yako kabla ya kulipa. Kwa kadi iliyotumika, uliza iwapo ilichimbia sarafu za kidijitali. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi za kazi hiyo ziliuzwa. Si zote mbovu, ila feni zake huwa zimechoka.

Kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote ni pawa saplai, nacho ndicho kinachoweza kuviunguza vingine vyote. Usikubali ile isiyo na jina inayokuja bure ndani ya kasha. Alama ya 80 Plus inaeleza jinsi umeme unavyotumika bila kupotea bure. Haithibitishi kwamba kifaa kina kinga dhidi ya hitilafu. Soma wati zinazopendekezwa na mtengenezaji wa kadi yako, kisha ongeza kiasi cha akiba. Zaidi ya yote, nyaya zinazochomoka za pawa saplai moja zisitumike kwenye nyingine, hata kama plagi zinaingia bila shida. Mpangilio wa ndani hutofautiana baina ya watengenezaji, na diski yenye kazi za wateja huweza kuungua pale swichi inapobonyezwa.

Umeme unapopanda na kushuka, UPS ni sehemu ya bajeti. Namba kubwa iliyoandikwa juu yake ni VA, nayo huwa kubwa kuliko wati halisi inazoweza kubeba. Linganisha wati kwa wati.

Kuhusu diski, fanya hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya saa sita yenye kamera mbili hufikia gigabaiti 540. Hivyo SSD ya NVMe iwe ya kazi inayoendelea, na diski ya kawaida yenye ujazo mkubwa itunze kazi zilizokwisha.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Dai risiti ya EFD, na mtake muuzaji aandike jina kamili la kipuri, ujazo wake, namba yake ya utambulisho, kama ni kipya au kimetumika, na muda wa dhamana. Piga picha namba hiyo kabla ya kufunga kasha la kompyuta, kwa kuwa baadaye mara nyingi haisomeki bila kufungua upya. Malalamiko yasiyotatuliwa dukani yaweza kuwasilishwa Tume ya Ushindani, pamoja na nakala za risiti na picha hizo.