Maradhi ya Akili Nyuma ya Pazia la Mafanikio

Yanapotajwa maradhi ya akili, taswira inayowajia wengi wetu ni ile ya mwendawazimu wa sokoni: nywele zilizosokotana, matambara, maneno yasiyo na mpangilio. Lugha yetu imechangia kuijenga taswira hiyo. Wazimu, neno lenye unasaba na mizimu, hudokeza nguvu iliyomvamia mtu kutoka nje na kumteka hadharani. Kichaa, mwehu na punguani nayo ni majina ya mtu anayeonekana. Hata Mathari, hospitali iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1910, tumeigeuza kejeli: atoaye wazo lisilotupendeza huulizwa alitoroka huko lini. Katika msamiati huu hamna nafasi ya mhadhiri aliyefunga tai, aliyesahihisha mitihani yake kwa wakati, na ambaye kwa miezi mitatu hajapata usingizi wa kutosha.

Makala haya yanamhusu mgonjwa wa aina hiyo. Ugonjwa wake aghalabu ni ule ambao wataalamu, hasa wa Tanzania, huuita sonona, kutokana na kitenzi kinachotaja maumivu ya moyoni. Wapo wanaouita unyogovu. Wengi, kwa bahati mbaya, husema tu kwamba ana msongo wa mawazo, ilhali haya ni mambo mawili tofauti. Msongo huletwa na shinikizo, liwe mtihani au deni, na kwa kawaida hupungua shinikizo likiondoka. Sonona yaweza kubaki hata baada ya deni kulipwa. Madaktari huitambua pale majonzi, au kutofurahia yale yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, yanapodumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, yakiandamana na dalili kama vile kuvurugika kwa usingizi, uchovu, kushindwa kumakinika, kujiona asiye na thamani, na fikra za kifo.

Tuzitazame dalili hizo kwa makini. Takriban zote zinaweza kufichwa chini ya suti. Mtu aliyezoea kazi yake huweza kuitenda kwa mazoea hata moyo ukiwa umekauka. Atafundisha saa mbili, atatania na wanafunzi, kisha atajifungia ofisini akiwa hana nguvu ya kufungua barua. Sisi tunaona zile saa mbili tu.

Isitoshe, mafanikio yenyewe hugeuka kufuli. Mchukulie kifungua mimba ambaye kijiji kizima kilimfanyia harambee ili alipiwe karo. Picha yake ya mahafali imetundikwa ukutani kwa mama yake, na wadogo zake watatu wanasoma kwa mshahara wake. Amwambie nani kwamba kila asubuhi anatamani kusikuche? Akithubutu, ataulizwa ana kila kitu, anataka nini tena? Swali hilo huchukulia kwamba maradhi ya akili ni aina ya ufukara, na kwamba mwenye gari ameyaepuka. Hakuna anayemwuliza mwenye kisukari iwapo hana nyumba.

Wasomaji wa jarida hili wamekutana na jambo hili katika fasihi. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anatuchorea Kazimoto, kijana wa chuo kikuu wakati ambapo wasomi wa kiwango hicho walikuwa wachache mno, na ambaye mwishowe anajiua. Wahakiki wameisoma riwaya hiyo sana kwa miwani ya udhanaishi, na hawajakosea. Hata hivyo, nina hofu kwamba tumezoea mno kumwita Kazimoto mwanafalsafa hata tukasahau kumwonea huruma. Sidai kwamba mwandishi alikuwa akiandika ripoti ya daktari. Nasema tu kwamba kijana wa namna hiyo akiketi nasi darasani leo, pengine tutamsifu kwa kina cha mawazo yake.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ina ukweli, ila lawama yote humtwika mgonjwa. Maradhi hayafichwi bila sababu, na hapa kwetu sababu mojawapo ilikuwa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na aliyenusurika aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Aliyehitaji daktari alikabidhiwa polisi. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Mambo yaweza kuwa vingine. Mwishoni mwa Agosti 1998, Kjell Magne Bondevik, Waziri Mkuu wa Norwe, alichukua likizo ya ugonjwa, na umma ukaelezwa waziwazi kwamba ana sonona. Baada ya majuma kama matatu alirejea kazini. Mwaka wa 2001 alishika tena wadhifa huohuo, akautumikia hadi 2005. Alipata nafuu kwa matibabu na mapumziko, lakini aliweza kuyapata kwa kuwa kulitaja jina la ugonjwa hakukumgharimu kazi.

Sisi tunaanzia kwenye maamkizi. Hujambo hujibiwa sijambo, yaani sina jambo. Mtu hukana kabla hajafikiri. Habari nazo huwa njema hata msiba ukiwa nyumbani. Lakini kila mjuzi wa Kiswahili anafahamu kwamba baada ya njema hufuata ila: njema, ila mtoto ni mgonjwa. Adabu ya lugha imeuacha mlango wazi. Sisi tunaoamkiana huku tukitembea ndio tunaoufunga, kwani hatungoji hiyo ila. Na kama kuna shaka kwamba mtu anafikiria kujiua, aulizwe moja kwa moja, kwa upole. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikiri, asiachwe peke yake, afikishwe kwa daktari au mshauri nasaha siku hiyohiyo. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na katika muda huo atamhitaji mtu wa kumjulia hali tena na kungoja jibu lake.