Beringi ya mashine ya kusaga haiegemei pande zote

Wadau, leo tuongee chuma kidogo. Fundi mmoja alinipeleka Tandale kuangalia mashine ya kusaga. Hausingi, yaani nyumba ya beringi, imepasuka. Tena sio chini, ni ubavuni, upande wa mota. Ni ya pili hiyo, na kila ikipasuka mama mwenye mashine anakaa siku mbili bila kusaga huku wateja wanahamia kwa jirani.

Usiku nikaichora kwenye programu ya finiti elementi, ile inayokata chuma vipande vidogo vidogo halafu inakuonyesha wapi kinaumia. Nikaweka presha sawasawa tundu zima. Jibu: salama kabisa! Nikajiona mtaalamu, kumbe nimechemsha, teh teh.

Hebu fikiria. Presha ikiwa sawa pande zote, ya kulia inafutana na ya kushoto, ya juu na ya chini. Jumla sifuri! Ni kama nimejaza upepo kwenye tairi. Mvuto wa mkanda haumo kabisa kwenye hesabu.

Ukweli ni kwamba mkanda unaivuta shafti kuelekea mota, kwa hiyo beringi inaegemea nusu moja tu ya tundu. Na hata hiyo nusu haibebi sawasawa. Kwenye mstari wa mvuto ndiko presha iko juu, halafu inapungua mpaka inaisha nyuzi 90 kila upande. Inavyopungua tunaikadiria kwa kosaini (kweli gololi zinagusa hapa na pale, lakini kwa hausingi inatosha).

Presha ya juu kabisa ni mzigo mara 4, gawanya kwa pai mara kipenyo mara upana. Chukua beringi 6308: kipenyo cha nje mm 90, upana mm 23. Tuseme mvuto ni nyutoni 6,000, kama uzito wa kilo 600 hivi. Katikati unapata karibu nyutoni 3.7 kwa milimita ya mraba. Ukisogea nyuzi 60 inabaki nusu yake. Ukigawa tu 6,000 kwa 90 mara 23 unapata 2.9, hapo umejipunja.

ANSYS ina mzigo wa beringi tayari, unataja nguvu na uelekeo tu. Kama programu yako haina, kata ile nusu ya tundu vipande vyembamba, kila kimoja kipe presha yake. Halafu jumlisha nguvu zinazofika kwenye boliti. Zisipokaribia 6,000, kuna mahali umekosea.

Niliporudia, wekundu ukatokea ubavuni, pale pale penye ufa. Mkanda umekazwa mno, na fundi anasema akiulegeza unateleza. Nimemshauri aweke puli kubwa zaidi zote mbili, kwa uwiano ule ule: spidi ya kinu inabaki, mvuto unapungua. Sasa wadau wa Gerezani, puli za hivyo zinapatikana huko, na bei gani?